Kijana wa Magamba na Maziwa ya Moto

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya kushikika: mbolea, choo bora, maji ya kunywa, bei ya viazi. Mwezi huu tutazungumza juu ya jambo lisiloshikika kwa mkono. Jambo hilo ni ubunifu.

Ubunifu ni nini? Ubunifu ni uwezo wa kupata wazo jipya lenye kufaa. Shika maneno hayo mawili: jipya, na lenye kufaa. Mtu akivaa sufuria kichwani badala ya kofia, hilo ni jambo jipya, lakini halifai kitu. Mtu akipanda mahindi kama babu yake alivyopanda, hilo linafaa, lakini si jipya. Yule aliyetazama tairi kuukuu la lori akaona ndani yake viatu, akakata katambuga za kwanza, huyo alikuwa mbunifu. Yule aliyetazama kopo tupu akaona ndani yake taa, akatengeneza koroboi, huyo naye alikuwa mbunifu.

Watu kama hao majina yao hayakuandikwa vitabuni. Lakini yuko mmoja ambaye jina lake liliandikwa. Leo linasomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Asia. Naye hakuanzia katika chuo kikuu. Alianzia hapa Lushoto, mbele ya jokofu la shule.

Foleni ya jokofu

Ilikuwa mwaka 1963. Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Tanganyika. Katika Shule ya Sekondari ya Magamba, juu ya mji wa Lushoto, alisoma kijana aitwaye Erasto Mpemba. (Mpemba hapa ni jina lake.) Alikuwa kidato cha tatu.

Vijana wa shule hiyo walikuwa na mchezo wao: kutengeneza aiskrimu. Msomaji anayeijua Magamba atacheka. Baridi ya Juni kule juu inatosha kumfanya mtu alale na koti. Aiskrimu ya nini tena? Lakini vijana ni vijana. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakangoja yapoe. Yakishapoa waliyaweka katika chumba cha barafu cha jokofu. Kungoja yapoe ndiyo iliyokuwa kanuni, maana waliogopa kwamba kitu cha moto kitaharibu jokofu.

Nafasi ilikuwa ndogo na vijana walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alikuwa anachemsha maziwa yake. Mwenzake mmoja alipomwona, akaogopa kukosa nafasi. Huyo hakuchemsha. Alikoroga sukari katika maziwa mabichi, akayamimina katika trei, akawahi. Ikabaki trei moja tu. Mpemba akafikiri: nikingoja maziwa yangu yapoe, trei hii itachukuliwa. Akaamua liwalo na liwe. Akayaweka maziwa yakiwa ya moto.

Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado kama uji mzito.

Simama hapo kidogo, ndugu msomaji, ulifikirie jambo hilo. Chukua watu wawili wanaoteremka kwenda Mombo kwa miguu. Mmoja anaondoka Lushoto. Mwingine anaondoka Soni, ambako ni karibu zaidi. Wanaondoka saa ile ile. Yule wa Lushoto ni lazima kwanza afike Soni, ndipo aendelee. Mbona basi yeye ndiye afike Mombo wa kwanza? Maziwa ya moto nayo ni lazima kwanza yapoe yawe kama yale ya mwenzake, ndipo yaendelee kupoa mpaka yagande. Mbona yawahi?

Wengi wetu tungekula aiskrimu yetu tukashukuru. Mpemba alikwenda kwa mwalimu wake wa fizikia, akamwuliza sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Mpemba akakubali. Mwalimu ni mwalimu.

Wauza aiskrimu wa Tanga

Mambo yangekwisha hapo. Lakini wakati wa likizo Mpemba alikutana na rafiki yake mjini Tanga. Rafiki huyo alikuwa anatengeneza aiskrimu na kuiuza. Katika mazungumzo akamwambia Mpemba kwamba yeye huweka mchanganyiko wake katika jokofu ukiwa wa moto, kwa sababu hivyo huganda upesi. Mpemba akaja kujua kwamba wauzaji wengine wa Tanga nao walifanya vivyo hivyo.

Mimi naona hapa ndipo penye utamu wa habari hii. Watu waliokuwa wakiuza aiskrimu mitaani walikuwa wanatumia jambo ambalo shuleni liliambiwa haliwezekani. Hawakuliandika. Hawakuwa na haja ya kuliandika. Joto la Tanga linajulikana. Watoto wanataka aiskrimu, na aliyewahi kugandisha ndiye aliyewahi kuuza.

Mpemba alifaulu mtihani, akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa, kusoma kidato cha tano na cha sita. Huko walifundishwa habari za joto. Walifundishwa pia kanuni ya Newton, mtaalamu wa Uingereza wa zamani, juu ya namna kitu cha moto kinavyopoa. Mpemba akakumbuka trei mbili za Magamba. Akanyosha mkono, akauliza tena.

Mwalimu wa pili naye alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Mpemba alipoendelea kubisha, mwalimu akasema kwamba hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo Mpemba akikosea hesabu yoyote, waliiita hesabu ya Mpemba. Likawa neno la mzaha darasani.

Tusimlaumu mno mwalimu huyo. Hakuwa mjinga. Alikuwa analinda kanuni aliyofundishwa, na kanuni ile ni nzuri. Inatusaidia katika mambo mengi. Tatizo ni moja tu. Alipoambiwa kuna jambo lisilolingana na kanuni, hakwenda kulitazama.

Mpemba alikwenda. Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi. Maabara ni chumba cha kufanyia majaribio. Akachukua vyombo viwili vidogo vya kioo. Kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya moto. Akaviweka vyote katika chumba cha barafu cha jokofu. Baada ya saa moja hivi akatazama. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimeanza kuganda, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile kilichoanza na maji ya moto.

Mgeni kutoka Dar es Salaam

Siku moja mkuu wa shule alimwalika mgeni. Alikuwa Dakta Denis Osborne, Mwingereza, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Alizungumza na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Kisha akaruhusu maswali.

Mpemba akasimama. Akasema: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, ukatia maji ya kiasi kimoja, chombo kimoja nyuzi 35 za joto na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakacheka. Wengine waliona haya, kwamba Mpemba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Dakta Osborne naye alidhani kijana amekosea. Baadaye aliandika hivyo mwenyewe, bila kuficha. Lakini alimwuliza Mpemba kama kweli amejaribu. Mpemba akajibu kwamba amejaribu. Osborne akasema kwamba hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atafanya jaribio hilo. Aliona kwamba swali la mwanafunzi halifai kufanyiwa mzaha, na kwamba mambo ya kila siku mara nyingi si mepesi kama yanavyoonekana.

Aliporudi alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Kisha akaongeza kwamba wasihofu, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Fundi huyo mimi nampenda. Alisema wazi kile ambacho wengi wetu hukifanya kimya kimya. Tukiona jambo lisilolingana na tunavyoamini, tunarudia kutazama mpaka tuone tunachokitaka.

Walirudia kweli, na majibu yakawa yale yale. Walitumia maji kidogo, sentimita za ujazo 70, katika vyombo vidogo vya kioo. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanza na nyuzi 90 yaliwahi sana. Wakatafuta sababu. Je, ni kwa kuwa maji ya moto hupungua kwa mvuke? Walipima, wakaona yaliyopungua hayatoshi kuwa sababu peke yake. Walipotandaza mafuta kidogo juu ya maji, maji yalichelewa mno. Hilo liliwaonyesha kwamba joto jingi lilikuwa linatoka kwa juu.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa anasoma habari za wanyama pori katika Chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Baadaye alifanya kazi serikalini katika idara ya wanyama pori. Hakupata kuwa mwalimu wa fizikia. Lakini jambo lile la maji ya moto, kila mahali duniani, linaitwa kwa jina lake: athari ya Mpemba. Maneno yale ya mzaha, fizikia ya Mpemba, yakawa kweli.

Kwa nini wengine hawakuliona?

Ajabu ni kwamba jambo hilo lilikuwa limeonekana zamani. Aristotle, Mgiriki aliyeishi miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, aliandika kwamba maji yakitangulia kupashwa moto hupoa upesi zaidi. Francis Bacon wa Uingereza na Descartes wa Ufaransa nao waliligusa, yapata miaka 400 iliyopita. Kisha vitabu vya shule vikaliacha. Watu maelfu waliweka vitu katika majokofu na hawakuona kitu.

Wataalamu wa saikolojia wanaweza kutusaidia hapa. Saikolojia ni elimu ya nafsi na akili: jinsi mtu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoogopa. Mmoja wao alikuwa Karl Duncker, Mjerumani. Jaribio lake maarufu lilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1945. Aliwapa watu mshumaa, kibiriti, na kisanduku kidogo chenye pini. Akawaambia wausimamishe mshumaa ukutani.

Wewe ungefanyaje? Wengi walijaribu kuuchoma mshumaa kwa pini. Haikufaa. Jibu ni kumwaga pini, kukibandika kisanduku ukutani kwa pini mbili tatu, na kuusimamisha mshumaa juu yake. Kisanduku kilipotolewa kikiwa kitupu, watu waliliona jibu kwa urahisi. Kilipotolewa kikiwa kimejaa pini, wengi hawakuliona. Kwao kilikuwa chombo cha pini, basi.

Akili yetu hupenda kupita njia iliyokwisha kukanyagwa. Si ugonjwa huo. Ingekuwa taabu kubwa kama kila asubuhi tungefikiri upya namna ya kushika jembe. Mazoea hutupunguzia kazi. Lakini mazoea hayo hayo hutuziba macho. Mbunifu si mtu mwenye ubongo wa namna nyingine. Mara nyingi ni mtu ambaye mazoea yake yamekatizwa kidogo, akatazama mahali pale pale kwa mara ya pili. Mpemba alikatizwa na foleni ya jokofu. Laiti pangekuwa na trei kumi, huenda habari hii isingekuwapo.

Kuna zoezi dogo la kupima jambo hili. Mmarekani J. P. Guilford, aliyewahimiza wenzake mwaka 1950 wachunguze ubunifu, alikuwa akiwauliza watu: tofali lina kazi gani? Si kujenga tu. Taja nyingine, na nyingine tena. Nyinyi mlio katika darasa la kisomo jaribuni kwa gunia tupu. Majibu matano ya kwanza yatafanana kwa watu wote. Baada ya hapo darasa litanyamaza. Msivunje kimya hicho upesi, maana mawazo mapya huja baada ya yale ya mazoea kwisha.

Jambo jingine ni muda. Mwaka 2004 wataalamu wa Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu hesabu ndefu yenye njia ya mkato iliyofichika. Wengine walilala usiku, kisha wakaendelea. Wengine walikaa macho kwa muda huo huo. Waliolala walioigundua njia ya mkato walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale waliokaa macho. Ubongo hupanga mambo wakati sisi tumelala. Lakini angalia: waliolala walikuwa kwanza wameifanya kazi hiyo. Ubongo wa mtu ambaye hakushughulika na jambo hauna cha kupanga.

Kicheko hugharimu

Sasa tufike penye uzito. Mpemba alichekwa mara nyingi, akavumilia. Ni wangapi hawakuvumilia?

Mwaka 1979 Teresa Amabile wa Marekani alifanya jaribio na wanachuo wanawake. Aliwapa vipande vya karatasi za rangi, wabandike picha waitakayo. Baadhi yao waliambiwa mapema kwamba kazi zao zitapimwa na wasanii. Wengine hawakuambiwa. Kwa jumla, wale waliojua kwamba watapimwa walitoa kazi zenye ubunifu mdogo zaidi. Mtu akiogopa hukumu hubaki kwenye njia ya salama.

Mwaka 1995 Erik Westby na V. L. Dawson, nao wa Marekani, waliwauliza walimu kama wanapenda wanafunzi wabunifu. Wakajibu kwamba wanapenda sana. Kisha wakaulizwa juu ya wanafunzi wao halisi, yupi wanampenda zaidi na yupi wanampenda kidogo. Wale waliopendwa zaidi hawakuwa na tabia za ubunifu. Wenye tabia hizo walikuwa miongoni mwa wale wasiopendwa. Mtoto mbunifu anachosha, jamani. Anauliza wakati wa kuandika. Anajibu ambacho hakuulizwa. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini anataka utulivu, wala hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini mtoto akiisha kuchekwa mara tatu, hanyoshi tena mkono, na mwalimu hatajua alichokosa.

Si shuleni tu. Katika mkutano wa kijiji mama akisimama kusema jambo asilolisema bwana shamba, mara ngapi husikia minong'ono kabla hajamaliza? Kijana anayejaribu mbegu ngeni pembeni mwa shamba huambiwa anachezea ardhi.

Milima yetu ya Usambara ina mifano ya pande zote mbili. Wazee wa Mlalo wanaikumbuka habari ya matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona udongo unachukuliwa na mvua. Hilo lilikuwa kweli. Ikaamuru watu wachimbe matuta katika mashamba ya mlimani. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Aliyekaidi alitozwa faini. Wakulima hawakuulizwa wao wanajua nini juu ya milima yao. Wakayachukia matuta, wakakataa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru.

Lakini wakulima hao hao walikuwa na miraba. Msomaji wa Lushoto haelezwi, lakini kwa wageni nitaeleza. Ni mistari ya majani marefu, kama matete na majani ya Guatemala, iliyopandwa kukatiza mteremko na kufuata mteremko, shamba likagawanyika kama visanduku. Majani yanazuia udongo, na ng'ombe anapata chakula. Watafiti wa siku hizi wanapima miraba na kuiandika kama ufundi wa wenyeji.

Tena kuna tughutu. Ni mti mdogo unaojulikana sana Usambara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kilimo walifanya kazi na wakulima wa kijiji cha Kwalei, wilaya ya Lushoto. Wakulima waliwaeleza kwamba majani ya tughutu yanarutubisha ardhi. Watafiti hawakucheka. Waliyachukua majani, wakayapima, wakayajaribu katika mashamba pamoja na mbolea ya mawe ya Minjingu. Waliona kwamba wakulima walikuwa na haki. Tughutu ya Kwalei na aiskrimu ya Tanga ni habari moja. Mtu wa kazi alikwisha kujua, na ilikuwa imebaki mwingine akubali kupima.

Tofauti ya matuta na tughutu si kwamba upande mmoja ulikuwa na wataalamu na mwingine haukuwa nao. Wataalamu walikuwapo pande zote mbili. Ila wa Kwalei waliuliza kwanza.

Je, Mpemba alikuwa sahihi?

Hapa ni lazima tuseme ukweli wote, hata kama wapenzi wa Mpemba hawataufurahia. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana.

Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hilo. Zilifika barua zaidi ya 22,000 kutoka nchi nyingi. Wengine wanasema sababu ni mvuke. Wengine wanasema maji ya moto yanazunguka ndani ya chombo na kutoa joto upesi. Wengine wanasema trei ya moto huyeyusha sakitu, yaani barafu nyembamba iliyo chini yake, ikakaa vizuri juu ya chuma baridi. Sababu hiyo ya mwisho inaeleweka kwa kila mtu aliyewahi kufungua jokofu la zamani.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima kwa uangalifu. Wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Walionyesha kwamba hata kukisogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kukudanganya. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walitumia punje ndogo mno ya kioo ndani ya maji, wakaisukuma kwa mwanga. Wao waliona wazi kwamba chenye joto zaidi kinaweza kuwahi kupoa. Punje ya kioo si trei ya maziwa, lakini mlango ukafunguka tena.

Basi mtu atasema: ikiwa bado wanabishana, mwalimu wa Magamba si alikuwa sahihi? La. Mwalimu alisema jambo haliwezi kutokea, naye hakupima. Burridge na Linden walipima. Mtu anayekukatalia baada ya kupima amekuheshimu, maana amepoteza siku zake kwa ajili ya swali lako. Wazo jipya linaweza kuwa na kosa. Mengi yana makosa. Wataalamu wanaochunguza ubunifu wanasema watu waliotoa mawazo makubwa walitoa pia mawazo mengi yasiyofaa. Tukisubiri wazo lisilo na kosa hatutapata hata moja.

Tujaribu wenyewe

Kijiji chenye umeme na jokofu la dukani kinaweza kulifanya jaribio hili kwa gharama ndogo. Mwombeni mwenye duka nafasi ya siku tatu. Tafuteni makopo mawili ya bati yaliyo sawa kabisa. Msitumie kioo, kinaweza kupasuka. Chemsheni maji yote mawili, ili tofauti iwe joto tu. Maji ya kopo moja yaacheni yapoe mpaka yawe ya vuguvugu. Ya kopo la pili yachemsheni tena saa ile ile ya kuyaweka. Pimeni kwa kikombe kimoja, vikombe viwili kila kopo. Watoto wasishike maji ya moto.

Wekeni makopo yote kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake. Tazameni kila baada ya robo saa, mfungue na kufunga upesi. Mwandishi mmoja aandike saa ambayo barafu ya kwanza imeonekana katika kila kopo. Siku ya pili badilisheni nafasi: la kulia liende kushoto. Siku ya tatu wekeni kipande cha ubao mkavu chini ya kila kopo, ili ile habari ya sakitu isiingie.

Kabla ya kuanza, kila mtu wa darasa aandike kwenye karatasi anachodhani kitatokea, aikunje, na ampe mwalimu. Karatasi zifunguliwe siku ya tatu, pamoja na saa zilizoandikwa, hata kama saa za siku tatu hazifanani.